Louis XVI hakuangushwa na bei ya mkate

Tangu vijana wa Nairobi walipoingia bungeni tarehe 25 Juni 2024, na hasa tangu Rais Andry Rajoelina alipoikimbia Madagaska Oktoba 2025, kuna mwaka mmoja unaorudiwa sana midomoni mwa watu: 1789, mwaka wa Mapinduzi ya Ufaransa. Unatajwa redioni, vijiweni, kwenye makundi ya simu. Na kila unapotajwa huja na maelezo yale yale: Wafaransa walishikwa na njaa, malkia akawaambia wale keki, wakaamka na kuivamia Bastille, ngome iliyokuwa gereza mjini Paris. Kutokana na hapo hutolewa utabiri kwamba bei ya unga ikipanda kiasi fulani serikali itaanguka, na ikishuka itapona. Maelezo hayo ni rahisi kuyakumbuka, lakini si sahihi, na kosa lake lina madhara. Anayeyaamini hutazama sufuria ya mwananchi wakati ufa uko kwenye kuta za hazina.

Dola ya Ufaransa ilianguka kabla umati haujaingia barabarani. Ilikopa ili ipigane vita, ikashindwa kuwatoza kodi wale hasa waliokuwa na uwezo wa kulipa, wakopeshaji wakaanza kufumba mikono, na mfalme, Louis XVI, ambaye kisheria hakuwajibika kwa binadamu yeyote akajikuta hana njia ila kuwaita raia wake kikaoni. Njaa ilikuja ikaukuta mlango umekwisha kufunguliwa. Nani alitangulia na nani alifuata ndilo suala zima hapa.

Tuipime kwanza njaa yenyewe, kwa kuwa ndiyo hoja yenye wafuasi wengi. Kati ya mwaka 1693 na 1694 mavuno yaliharibika na zaidi ya watu milioni moja wakafa, katika nchi iliyokuwa na wakazi wapatao milioni 20. Katika baridi kali ya 1709 mito iliganda na ngano ikafia ardhini, na vifo vikahesabika tena kwa malaki. Mfalme wa wakati huo, Louis XIV, alibaki kwenye kiti chake mara zote mbili, akafa kitandani mwaka 1715. Mfano mzito zaidi ni wa 1775. Waziri wa fedha Turgot alikuwa ameifanya biashara ya nafaka kuwa huria Septemba 1774, mavuno yakawa mabaya, na kufikia mwisho wa Aprili mkate wa ratili nne, ambao ndio uliokuwa chakula cha mtu wa kawaida wa Paris, ulifika sou 13 na nusu (sou ilikuwa sarafu ndogo ya Ufaransa) kutoka bei iliyozoeleka ya sou 8 au 9. Ghasia zilienea kwenye masoko yote yaliyouzunguka mji huo, zikafika hadi Versailles, kwenye kasri ya mfalme. Watu waliteka magunia ya unga na kuyauza wenyewe kwa bei waliyoiona kuwa ya haki. Serikali ikamwaga wanajeshi wapatao 25,000, ikawanyonga watu wawili hadharani, na mwezi uliofuata Louis XVI huyo huyo akavishwa taji mjini Reims. Februari 1789 mkate ule ule ulikuwa sou 14 na nusu. Tofauti ya sou moja haiwezi kueleza kwa nini mara ya kwanza mfalme alivishwa taji na mara ya pili akapokonywa mamlaka. Wenye njaa walikuwa wale wale, na njaa ilikaribiana. Hali ya hazina ndiyo iliyobadilika katika miaka hiyo 14.

Hoja ya keki na anasa za malkia ni dhaifu kuliko zote, na ingekuwa vizuri ikiachwa kabisa. Maneno ya keki yalikwisha kuandikwa, yakihusishwa na binti mfalme asiyetajwa jina, wakati malkia huyo, Marie Antoinette, angali mtoto Vienna. Alifika Ufaransa mwaka 1770. Hata tukiyaacha maneno na kushika hesabu, hoja haisimami. Makadirio ya serikali ya mwaka 1788 yalionyesha matumizi ya livre milioni 629 (livre ndiyo iliyokuwa fedha kuu ya Ufaransa) dhidi ya mapato ya livre milioni 503. Katika matumizi hayo, kulipa riba na madeni kulichukua milioni 318, yaani nusu nzima. Jeshi, wanamaji na ubalozi vilichukua kama milioni 165. Kasri yote ya mfalme, pamoja na malkia, ndugu zake, farasi na watumishi wao, ilikula milioni 36 hivi, kama asilimia 6. Wangeifunga Versailles siku hiyo hiyo, nakisi ingebaki karibu milioni 90. Ni kweli kwamba kashfa ya mkufu wa almasi ya 1785 ilimchafulia malkia jina ingawa hakuhusika, na jina chafu humpunguzia mtawala uwezo wa kuaminiwa. Lakini kashfa haifilisi nchi.

Kilichoifilisi ni jinsi kodi ilivyokusanywa. Tukisema ufalme wa kiimla, wengi hufikiri ni mtawala anayechota anachotaka. Ufaransa ya Louis XVI haikuwa hivyo. Kodi kuu ya moja kwa moja, taille, ililipwa na wakulima na watu wa kawaida; makabaila hawakuilipa kwa nafsi zao. Kanisa, lililomiliki kama sehemu moja ya kumi ya ardhi ya nchi, lilitoa mchango liliouita zawadi ya hiari, ambao lilijipangia lenyewe kiwango chake. Tangu 1749 ilikuwepo kodi ya vingtième iliyokusudiwa kumgusa kila mwenye mapato, ila wakubwa walikubaliana na wakadiriaji wakalipa sehemu ndogo ya walichopaswa. Miji mikubwa mingi ilikuwa na misamaha yake. Kubwa zaidi, mfalme mwenyewe alikuwa akiuza vyeo, na vingi vya vyeo hivyo vilibeba msamaha wa kodi, vingine hata ukabaila wa kurithisha. Tajiri wa biashara alilipa mara moja, fedha zikaingia hazina mwaka ule, na ukoo wake ukatoka kwenye daftari la kodi vizazi na vizazi. Kila hazina ilipopungukiwa iliuza kipande cha mapato yake ya kesho. Mfumo kama huo hauhitaji mfalme mbaya ili uanguke.

Kodi za bidhaa, yaani chumvi, tumbaku na ushuru wa mipakani, serikali haikuzikusanya yenyewe. Iliziuza kwa kampuni ya wazabuni kwa mikataba ya miaka sita sita: wao wanatanguliza fedha, kisha wanakusanya kwa mkono wao na kubaki na ziada. Kodi ya chumvi inatosha kuonyesha chuki iliyojengeka. Nchi iligawanywa katika kanda, na kwenye kanda zilizobanwa zaidi bei ilizidi mara 20 bei ya jimbo la Bretagne, ambalo halikutozwa. Humo kila mtu aliyezidi miaka minane alilazimishwa kununua angalau ratili saba kwa mwaka, apende asipende, na chumvi hiyo ilikuwa ya kupikia na mezani tu. Ukiitumia kukaushia nyama bila kununua nyingine, umevunja sheria. Magendo yakastawi kwenye mipaka ya kanda, na waliokamatwa walipelekwa kufanya kazi za kifungoni. Wazabuni walikuwa na jeshi lao la walinzi wenye silaha. Mkulima aliyetaka kuiona serikali kwa macho aliuona uso wa mlinzi huyo akipekua ghala yake.

Juu ya msingi huo ndipo ulipowekwa mzigo wa vita ya Marekani. Ufaransa iliingia vitani mwaka 1778 kuwasaidia waasi dhidi ya Uingereza, na kufikia amani ya 1783 ilikuwa imetumia zaidi ya livre bilioni moja. Waziri Necker, aliyesimamia fedha hadi 1781, aligharimia vita kwa mikopo badala ya kodi mpya, akasifiwa sana. Mwaka 1781 alichapisha kitabu cha hesabu za serikali, jambo ambalo halijawahi kufanywa, kikaonyesha ziada ya livre milioni 10. Ziada hiyo ilipatikana kwa kuyaacha nje matumizi ya vita. Wananchi waliokisoma walibaki na swali la haki kabisa miaka mitano baadaye: kama 1781, katikati ya vita, kulikuwa na ziada, nakisi hii ya leo kaileta nani? Kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini hapa harusi ilisherehekewa na waziri mmoja na matanga yakamwangukia mwingine.

Aina ya mikopo yenyewe ilikuwa mibaya. Mwingi uliuzwa kama pensheni ya maisha: unampa mfalme livre 1,000, naye anakulipa livre 100 kila mwaka hadi mtu uliyemtaja kwenye hati afe. Serikali inayojua hesabu hupanga kiwango kwa umri. Mzee wa miaka 60 hulipwa asilimia kubwa kwa kuwa hatadumu, mtoto hulipwa kidogo. Hazina ya Ufaransa ililipa karibu asilimia 10 kwa mtu wa umri wowote. Wenye benki wa Geneva wakaliona tundu hilo. Walichagua wasichana wadogo, mara nyingi 30 kwa fungu moja, waliokwisha kupona ndui au kuchanjwa, kutoka koo zinazojulikana kwa maisha marefu, wakawawekea madaktari, wakauza hisa za pensheni zilizoandikwa kwa majina yao. Msichana wa miaka saba wa namna hiyo angeweza kuishi miaka 60 zaidi, na hazina ingerudisha mtaji mara sita. Ndiyo maana nusu ya matumizi ilikwenda kwenye deni, wakati Uingereza, yenye deni kubwa zaidi kwa kulinganisha na uchumi wake, ilikopa kwa riba nafuu. Huko deni lilidhaminiwa na Bunge linalopitisha kodi, na mkopeshaji alijua chanzo cha malipo yake. Paris lilidhaminiwa na neno la mfalme, na wafalme wa Ufaransa walikuwa na desturi ya kuvunja neno hilo; mara ya mwisho ilikuwa 1770, deni lilipopunguzwa kwa amri. Mamlaka yasiyo na mipaka yalimfanya mfalme akopeshwe kwa masharti magumu zaidi. Hili husahaulika sana, nami naliona ndilo kiini cha habari yote.

Agosti 1786 waziri Calonne alimweleza mfalme ukweli: nakisi ilikuwa zaidi ya livre milioni 100 kwa mwaka, na kodi ya ziada iliyowekwa wakati wa vita ilikuwa inakwisha muda mwishoni mwa mwaka huo. Pendekezo lake lilikuwa zuri. Kodi moja ya ardhi kwa kila mwenye shamba bila kujali tabaka, kuondoa vizuizi vya ushuru ndani ya nchi, kuacha nafaka itembee, na mabaraza ya mikoa kusimamia ukadiriaji. Akijua kwamba mahakama kuu zingekataa, aliita baraza la watu mashuhuri 144, likafunguliwa tarehe 22 Februari 1787. Walikuwa maaskofu, makabaila, mahakimu na mameya, yaani wenye misamaha, nao ndio walioombwa kuifuta. Wengine walikubali kanuni ya usawa wa kodi lakini wakataka kwanza kuona vitabu vya hesabu na kuwekewa udhibiti wa kudumu. Calonne akafukuzwa Aprili. Mrithi wake Brienne aliupeleka mpango ule ule, ukiwa umefanyiwa marekebisho, kwa Mahakama Kuu ya Paris.

Hapa kuna utaratibu ambao bila kuuelewa huwezi kuelewa kilichofuata. Amri ya mfalme haikuwa sheria kamili mpaka isajiliwe na mahakama hizo, ambazo mahakimu wake walimiliki viti vyao kwa kununua au kurithi. Mfalme angeweza kwenda mwenyewe na kulazimisha usajili. Mwaka 1771 Louis XV aliwachoka, akazivunja na kuweka mahakimu wa mshahara. Louis XVI aliporithi kiti 1774, akiwa na umri wa miaka 19 na akitafuta kupendwa, alizirudisha. Mwaka 1787 zilimjibu kwamba kodi mpya inaweza kuridhiwa na taifa pekee, kupitia Bunge la Matabaka, chombo ambacho hakikuwa kimekutana tangu 1614. Agosti mfalme akalazimisha usajili na kuwahamishia mahakimu Troyes; Septemba akawarudisha. Mei 1788 akajaribu kuwapokonya mamlaka kabisa, na tarehe 7 Juni wakazi wa Grenoble, wakiwatetea mahakimu wao, wakapanda juu ya mapaa na kuwarushia askari vigae. Tarehe 8 Agosti Brienne akatangaza kwamba Bunge la Matabaka litakutana Mei 1789. Siku nane baadaye hazina ikasimamisha sehemu ya malipo yake ya fedha taslimu na kutoa hati badala yake. Angalia tarehe hizo. Agosti 1788 mkate ulikuwa bado haujafika bei ya kutisha, na hakuna umati uliokuwa umeitisha Bunge la Matabaka kwa kuivamia ngome yoyote. Ufalme wa kiimla ulikwisha kusalimu amri mbele ya wadai wake na mahakimu wake.

Wapo wanaosema chanzo ni fikra: wanafalsafa waliandika juu ya haki na uhuru, watu wakasoma, wakaasi. Hoja hii nzito kuliko ya keki. Bila maneno kama taifa, raia na katiba, mgogoro wa bajeti ungebaki mgogoro wa bajeti. Lakini vitabu vile vile vilisomwa Berlin, Vienna na Saint Petersburg, tena wafalme wenyewe waliandikiana barua na waandishi hao, na huko hakuna kiti kilichoanguka mwaka ule. Zaidi ya hapo, waliozoesha watu wa Ufaransa lugha ya kumpinga mfalme kisheria ni mahakimu wale wale wenye misamaha, waliochapisha malalamiko yao na kuyauza mitaani. Walidhani wanailinda nafasi yao. Tarehe 25 Septemba 1788 Mahakama Kuu ya Paris ikaamua kwamba Bunge la Matabaka likae kama 1614: kila tabaka peke yake, kila tabaka kura moja, maana yake makasisi na makabaila wangewashinda raia mbili kwa moja daima. Ndani ya wiki chache mahakimu waliobebwa mabegani wakawa wanazomewa. Kuanzia hapo ugomvi haukuwa tena kati ya mfalme na nchi. Ulikuwa kati ya wenye misamaha na wasio nayo.

Sasa njaa iingie mahali pake, maana nayo haistahili kudharauliwa. Tarehe 13 Julai 1788 mvua kubwa ya mawe ilipiga ukanda mrefu wa mashamba ya ngano siku chache kabla ya mavuno. Baridi iliyofuata iligandisha mito na kusimamisha vinu vya maji, kwa hiyo hata penye ngano hapakuwa na unga. Familia ya watu wanne ilihitaji mikate miwili ya ratili nne kwa siku, sou 29 kwa bei ya Februari 1789, wakati kibarua wa Paris alipata kati ya sou 20 na 30 siku aliyopata kazi. Viwanda vya nguo vilikuwa vimekwisha kuumizwa na mkataba wa biashara wa 1786 ulioruhusu vitambaa vya Uingereza. Na ni katika miezi hiyo hiyo, kuanzia Februari hadi Aprili, mfalme alipowaita wanaume wote walipa kodi wenye umri wa miaka 25 na zaidi wakutane parokiani, wachague wawakilishi na waandike malalamiko yao. Makumi ya maelfu ya daftari yakaandikwa: juu ya chumvi, juu ya njiwa wa kabaila wanaokula mbegu, juu ya sungura asiyeruhusiwa kuuawa, juu ya ushuru wa kusagisha kwenye kinu cha bwana. Mwaka 1775 mwenye njaa alipiga kelele sokoni, akatawanywa. Mwaka 1789 aliulizwa rasmi na serikali ni nini kinachomtesa, akakiandika, akamtuma mtu akipeleke Versailles, akakaa akisubiri jibu. Njaa iliyopewa kikao na mjumbe ni kitu tofauti kabisa na njaa ya sokoni.

Kilichobaki ni bunduki. Mapema Julai kulikuwa na zaidi ya askari 20,000 kuzunguka Paris na Versailles, wengi wa vikosi vya Waswisi na Wajerumani. Ndani ya mji kulikuwa na Walinzi wa Kifaransa, kama 3,600, waliokaa Paris mwaka mzima. Mishahara yao haikutosha, wengi walikuwa wakifanya vibarua na kuishi na wake zao kwenye mitaa ile ile ya watengeneza samani na wafuma nguo, wakipanga foleni kwenye duka lile lile la mkate. Sheria ya 1781 ilikuwa imefunga njia ya uofisa kwa asiye na vizazi vinne vya ukabaila, kwa hiyo sajini hodari alijua atastaafu sajini. Mwisho wa Juni walianza kukataa amri. Tarehe 11 Julai mfalme akamfukuza Necker, aliyekuwa amerudishwa kusimamia fedha, na umati ulipoingia barabarani kitu cha kwanza kuchomwa moto kilikuwa vituo vya ushuru vya wazabuni kwenye ukuta mpya uliouzunguka mji: 40 kati ya 54. Tarehe 14 asubuhi watu walichukua kama bunduki 30,000 kutoka jengo la kijeshi la Invalides, kisha wakaifuata baruti Bastille. Humo mlikuwa na wafungwa saba tu. Kwa saa kadhaa walishindwa, wakafa watu 98, mpaka Walinzi wa Kifaransa wapatao 60, wakiongozwa na sajini wa zamani Hulin, walipofika na mizinga na kuielekeza langoni. Vikosi vya mfalme vilivyopiga kambi kwenye uwanja wa Champ de Mars havikusogea, kwa sababu maofisa walimwambia kamanda wao hawana hakika askari watampiga nani. Watu wa pwani yetu wanalijua jambo hili kwa njia yao. Sultani Jamshid hakuwa mtawala wa kiimla, na chanzo cha Mapinduzi ya Zanzibar ni kingine, lakini usiku wa Januari 1964 miongoni mwa waliovamia bohari za silaha Unguja walikuwemo polisi wenye asili ya bara walioachishwa kazi na serikali mpya.

Kwa hiyo anayetaka kuyatumia ya 1789 kuyapima ya leo aulize maswali mengine. Nani anaidai serikali, na kwa riba gani? Nani amesamehewa kodi, na je, ndiye huyo huyo anayeombwa kuridhia msamaha wake ufutwe? Wenye malalamiko wana kikao kinachotambulika au wana barabara tu? Askari anakaa wapi, analipwa nini? Madagaska maandamano yalianza tarehe 25 Septemba 2025 kwa sababu ya maji na umeme kukatika, na kwa zaidi ya wiki mbili yalitawanywa kwa nguvu. Maji hayakuwa mabaya zaidi tarehe 11 Oktoba kuliko mwezi uliotangulia. Siku hiyo kikosi cha jeshi cha CAPSAT, kile kile kilichomsaidia Rajoelina kuingia madarakani 2009, kilikwenda upande wa waandamanaji, na kufikia tarehe 14 utawala ulikuwa mikononi mwa jeshi. Kenya, kodi ya asilimia 16 kwenye mkate iliondolewa kwenye muswada wa fedha tarehe 18 Juni 2024, wiki moja kabla ya watu kuingia bungeni. Mkate ulikwisha kuokolewa na hasira ikaongezeka, kwa sababu hasira ilihusu shilingi bilioni 346 zilizokuwa zinatafutwa, deni lililozidai, na nani aliyekopa kwa niaba ya nani. Tarehe 26 muswada wote ukaachwa. Lakini Kenya si ufalme; ina uchaguzi, ina mahakama, jeshi lilitii, na wakopeshaji hawakufunga mlango. Kuiita ile siku Bastille ni kuruka kila kitu kilichoifanya Bastille iwezekane.

Ushahidi wa mwisho uko kwenye matendo ya wanamapinduzi wenyewe. Tarehe 17 Juni 1789, wawakilishi wa Tabaka la Tatu, yaani la raia wasio makasisi wala makabaila, walipojitangaza kuwa Bunge la Taifa kwa kura 491 dhidi ya 89, hawakuanza na amri ya mkate. Walitangaza kwamba kodi zote zilizopo ni batili kwa kuwa taifa halikuziridhia, zitaendelea kulipwa kwa muda tu, na zitakoma siku Bunge lao litakapovunjwa. Papo hapo wakawahakikishia wadai wa serikali kwamba deni lao liko chini ya heshima ya taifa. Kwa azimio moja walimfungia mfalme hazina na kuwavuta wakopeshaji upande wao. Deni lenyewe halikuondoka naye. Novemba mwaka huo walitaifisha mali ya Kanisa ili walilipe, wakatoa hati za assignat zilizogeuka kuwa fedha ya karatasi, wakachapisha nyingi mno zikapoteza karibu thamani yote. Septemba 1797, miaka minne baada ya Louis XVI kukatwa kichwa, serikali ya jamhuri ilifuta theluthi mbili ya deni la taifa.